Siri ya Nani? Uhakiki wa Taarifa ya Tume ya Ukweli juu ya Silaha za Sumu za Makaburu

Utangulizi

Katika madarasa ya itikadi na vikundi vya kujisomea, kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo, lipo wazo moja ambalo makada wengi hulikubali bila kulihoji. Wazo lenyewe ni hili: kwamba silaha ni kazi ya wanajeshi na wanasayansi, kwamba kazi hiyo haiwezi kufanyika ila kwa siri, na kwamba raia anayetaka kujua habari zake ama ni mbeya ama ni kibaraka wa adui. Wazo hili limevaa sura ya uzalendo. Lakini wazo lolote, hata likiwa na sura nzuri namna gani, halina budi kupimwa kwa historia, na likishindwa kipimo hicho lirekebishwe.

Kipimo tunachokitumia katika makala hii ni sura ya 6 ya juzuu ya 2 ya Taarifa ya Tume ya Ukweli na Upatanishi ya Afrika ya Kusini, ambayo Askofu Mkuu Desmond Tutu alimkabidhi Rais Nelson Mandela tarehe 29 Oktoba 1998. Sura hiyo inaeleza habari za mradi wa siri wa silaha za kemikali na za vijidudu ulioendeshwa na jeshi la makaburu kuanzia mwaka 1981. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni nadra sana duniani nyaraka za maabara ya silaha kuwekwa mezani mbele ya umma. Pili, sumu ile ilikusudiwa watu ambao Tanzania iliwafahamu kwa sura. Ilikusudiwa wapigania uhuru, ambao nchi yetu iliwapa ardhi, makambi na shule. Hapa Bagamoyo penyewe FRELIMO iliendesha shule yake ya sekondari katika miaka ya vita vya ukombozi. Kwa hiyo msomaji wa Pwani hana sababu ya kuisoma taarifa hii kama habari za mbali.

Hoja yetu ni kwamba katika sayansi ya silaha kuna siri za namna mbili, na kosa kubwa la fikra ni kuzichanganya. Ipo siri ya ufundi: silaha hutengenezwaje, huhifadhiwa wapi, hulindwa na nani. Na ipo siri ya uamuzi: kwa nini silaha hiyo itengenezwe, imkabili nani, itumie fedha kiasi gani, na nani atawajibika. Siri ya kwanza inaweza kumlinda mwananchi. Siri ya pili humlinda mtawala dhidi ya mwananchi. Taarifa ya Tume imejaa ushahidi wa jambo hili, lakini yenyewe haikufika mahali pa kulisema.

Fundisho la Pwani, 1889

Kabla ya kuifungua taarifa hiyo, tuanze na historia ya hapa hapa. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilichukua utawala wa miji ya mwambao na ushuru wake kwa mkataba iliofunga na Sultani wa Zanzibar. Watu wa Pwani, ambao hawakuulizwa, walisimama kuupinga mkataba huo, wakiongozwa na Abushiri bin Salim kutoka Pangani na Bwana Heri wa Saadani. Kampuni ilishindwa kuwazima, ikaomba msaada wa serikali yake.

Serikali ya Bismarck ilikwenda mbele ya Bunge la Ujerumani, Reichstag, na mwanzoni mwa mwaka 1889 Bunge hilo likapitisha marki milioni 2 kwa ajili ya kikosi cha Hermann von Wissmann. Sababu iliyotangulizwa mbele ya wabunge ilikuwa kupambana na biashara ya watumwa. Wissmann alifika na askari wa kukodiwa kutoka Misri na Msumbiji, pamoja na mizinga na bunduki za Maxim. Mwezi wa Mei aliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani.

Angalia vizuri ni kitu gani kilichokuwa siri hapo. Bunduki ya Maxim haikuwa siri. Ilikuwa bidhaa ya kiwanda iliyojulikana Ulaya nzima. Fedha hazikuwa siri. Zilipigiwa kura hadharani. Kilichofunikwa ni kusudi. Kampuni ya mabepari ilikuwa inataka kurudishiwa ushuru wa forodha, na Bunge likaambiwa kwamba linawakomboa watumwa. Kisha kamanda akaachiwa uhuru mkubwa wa kutenda atakavyo, maelfu ya maili kutoka kwa wale waliomlipa. Basi tangu siku hizo Pwani yetu ilikwisha kutoa fundisho: Bunge linalopitisha fedha bila kufuatilia kusudi halijasimamia silaha, bali limelipa gharama zake tu.

Tume ilifichua nini

Mradi tunaouzungumzia uliitwa Coast. Uliidhinishwa mwaka 1981 na Waziri wa Ulinzi, Jenerali Magnus Malan, na ukakabidhiwa kwa daktari mmoja wa jeshi, Wouter Basson. Makampuni yenye sura ya biashara za watu binafsi yaliundwa ili kuuficha. Kampuni ya Delta G ilishughulikia kemikali, na Maabara ya Utafiti ya Roodeplaat, karibu na Pretoria, ilishughulikia vijidudu. Juu yake iliwekwa kamati ya majenerali ya kuuratibu.

Katika vikao vilivyofanyika Cape Town mwezi Juni na Julai 1998, Tume ilionyeshwa orodha ya vitu vilivyotolewa na Roodeplaat mwaka 1989. Ndani yake mlikuwa na chokoleti na sigara zilizotiwa kimeta, na chupa za vijidudu vya kipindupindu. Mtu hahitaji kuwa mwanasayansi kujua kwamba sigara yenye kimeta si silaha ya kujikinga na jeshi linalovamia. Ni silaha ya kumwua mtu mmoja kwa hila. Mkurugenzi wa kwanza wa maabara hiyo aliieleza Tume pia juu ya utafiti wa kutafuta njia ya kupunguza uzazi wa watu weusi. Na mwaka huo huo wa 1989 Mchungaji Frank Chikane, Katibu Mkuu wa Baraza la Makanisa la Afrika ya Kusini, aliponea chupuchupu baada ya nguo zake kutiwa sumu. Mwaka 2007 aliyekuwa Waziri wa Sheria na Utulivu, Adriaan Vlok, pamoja na aliyekuwa mkuu wa polisi, walikiri mahakamani kosa la kujaribu kumwua.

Hila ya namna hii haikuanzia Pretoria. Katikati ya miaka ya 1970 majasusi wa Rhodesia ya Ian Smith walipenyeza kwa wapiganaji wa Zimbabwe nguo zilizopakwa parathioni, ambayo ni dawa ya kuulia wadudu, na vyakula vilivyotiwa sumu. Miongoni mwa wapiganaji wa jeshi la ZANU wa miaka hiyo walikuwamo vijana waliofunzwa Mgagao, mkoani Iringa.

Jambo la kutia uchungu zaidi ni kwamba Afrika ya Kusini ilikuwa mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku silaha za kibiolojia tangu mwaka 1975. Saini ilikuwapo na sumu ikapikwa. Mkataba huo haukuwa na wakaguzi wa kuingia katika maabara.

Sifa za taarifa, na mahali ilipoishia

Tume inastahili sifa kwa jambo moja ambalo wengi wamelipita bila kuliona. Kabla ya vikao kuanza, serikali mpya ilikuwa na hofu ya haki kabisa kwamba vikao vya hadhara vingewafundisha wabaya namna ya kupika sumu. Ufumbuzi uliofikiwa ni kwamba vikao vifanyike hadharani, lakini nyaraka zenye maelezo ya ufundi zizuiwe. Hapo ndipo ile tofauti tuliyoitaja mwanzo ilipotekelezwa kwa vitendo. Fomula zilibaki zimefungwa, maamuzi yakafunguliwa. Umma ulijua nani aliidhinisha, nani alilipa, nani alipokea, na hakuna aliyetoka pale na ujuzi wa kutengeneza kimeta. Wale wasemao kwamba jambo hili haliwezekani wana jibu lao katika vikao hivyo.

Lakini tunapofika kwenye hukumu za Tume, tunaona upungufu. Uzito wa hukumu hizo umeangukia watu na uzembe wao. Basson anaonekana kama ndiye aliyeamua karibu kila kitu. Majenerali wanalaumiwa kwamba waliidhinisha fedha nyingi kwa kazi wasizozielewa na ambazo hawakujitahidi kuzielewa. Lawama hizo ni za kweli. Hata hivyo, tukizifuata hadi mwisho zinatufikisha mahali pa ajabu. Kama kosa ni kwamba majenerali hawakuelewa kemia, basi dawa yake ni kuwapata majenerali wanaoielewa! Je, kamati ya wakemia waliobobea ingeifanya chokoleti ya kimeta kuwa halali? Ni dhahiri kwamba isingeifanya. Ingeifanya iwe bora zaidi kwa kuua.

Swali ambalo Tume ililigusa bila kulishika ni la mamlaka: nani alikuwa na haki ya kuamua kwamba maabara ile iwepo? Kwa makaburu jibu lilikuwa fupi. Bunge lao halikuwa la umma; hata baada ya katiba yao ya mwaka 1983, Waafrika walio wengi hawakuwa na kiti humo. Na hata Bunge hilo la wachache lilifichwa mambo makubwa. Tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk alilitangazia kwamba nchi yao ilikuwa imeunda mabomu 6 ya nyuklia na kwamba yote yalikwisha kufumuliwa. Kwa hiyo wabunge walipata habari za kuzaliwa kwa mabomu hayo na za kufa kwake katika hotuba moja.

Tena tujiulize: siri hiyo ilimficha nani? Mwezi wa Aprili 1994, mwezi ule ule wa uchaguzi wa kwanza wa watu wote, wajumbe wa Marekani na Uingereza walimwendea de Klerk kumlalamikia juu ya mradi wa Coast. Walikuwa na habari zake. Mabeberu walijua, na mpiga kura wa Soweto hakujua. Siri iliyodaiwa kuwa ngao dhidi ya mataifa ya nje ilivuja kwa mataifa ya nje, ikabaki imara kwa wenye nchi peke yao. Na mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Pretoria ilimwachia huru Basson kwa mashtaka yote. Hatubishani hapa na mahakama. Tunasema tu kwamba usimamizi unaongojea hakimu na tume, miaka mingi baada ya sumu kutumika, si usimamizi. Ni upimaji wa maiti.

Je, kuwa na Bunge kunatosha?

Msomaji anaweza kudhani kwamba ugonjwa huu ni wa makaburu tu, na kwamba penye uchaguzi na Bunge la watu wote umekwisha kupona. Historia inakanusha. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga, na wafanyakazi wa mgodi huo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili kama sisi, hawakuambiwa wanachimba nini wala kwa ajili ya nani. Lakini hata wawakilishi wa Wamarekani wenyewe hawakuambiwa. Mwaka 1943 Seneta Harry Truman, mwenyekiti wa kamati ya kuchunguza matumizi ya fedha za vita, alipoanza kuulizia viwanda fulani vikubwa, Waziri wa Vita alimwomba aache, naye akaacha. Alielezwa habari kamili tarehe 25 Aprili 1945, akiwa amekwisha kuwa Rais kwa siku 13. Kufikia wakati huo mradi ulikuwa unaelekea kumeza dola bilioni 2. Mwezi wa Juni baadhi ya wanasayansi wa mradi huo walioko Chicago waliandika waraka wa kushauri kwamba bomu lisiangushwe juu ya Japani kwa ghafla. Waraka wao nao ulipigwa muhuri wa siri, na umma ambao ungeweza kuwaunga mkono haukuuona.

Uingereza haikuwa tofauti. Januari 1947 Waziri Mkuu Clement Attlee na mawaziri wachache waliamua kutengeneza bomu la atomu bila kulipeleka jambo hilo mbele ya baraza zima la mawaziri. Fedha zilitumika karibu pauni milioni 100, na Bunge halikupewa nafasi ya kuzijadili.

Kwa hiyo Bunge ni sharti la lazima, lakini halitoshi. Seneta aliyekubali kuacha kuuliza alikuwa mwakilishi halali wa watu. Alichokosa si cheo bali haki iliyoandikwa ya kukataa kunyamazishwa.

Milango ya chanjo na mlango wa silaha

Wapo watakaosema kwamba sayansi ni ngumu mno kusimamiwa na watu wa kawaida. Tuwajibu kwa mfano wa Bagamoyo. Kati ya mwaka 2009 na 2014 majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S yalifanyika katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikihusisha watoto zaidi ya 15,000. Kituo kimojawapo kilikuwa hapa Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya ya Ifakara. Kabla mtoto hajachomwa sindano, utafiti ulipita kwenye kamati ya maadili ya taasisi, ukapita ngazi ya taifa kwenye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ukapita kwa mamlaka ya kudhibiti dawa. Wataalamu wasiofungamana na watafiti walifuatilia usalama wa watoto. Na mwisho wa yote, mzazi aliyeketi kibarazani kwake alielezwa kwa Kiswahili, akawa na haki ya kusema hapana.

Mzazi huyo hakuwa na shahada ya elimu ya vijidudu. Hakuulizwa fomula ya chanjo. Aliulizwa kama anakubali, baada ya kuelezwa kusudi, faida na hatari. Ikiwa mvuvi wa Dunda na mkulima wa Kiwangwa wanaweza kuulizwa juu ya dawa ya kumponya mtoto, ni kwa mantiki gani wawakilishi wao waonekane hawafai kuulizwa juu ya kitu cha kuua watoto wa wengine? Dawa imewekewa milango mingi na kila mlango una mlinzi. Silaha katika nchi nyingi ina mlango mmoja, na ufunguo anao yule yule anayeitengeneza.

Wajibu wetu

Hatuandiki haya kwa kuituhumu nchi yetu. Tunayaandika kwa sababu msimamo wa wenye nchi hujengwa kabla ya jaribu kufika. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, waliasi. Taifa lilijifunza kwamba bunduki isiyofungamana na umma haina mwenyewe. Ndipo jeshi likajengwa upya, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukauweka ulinzi wa Taifa mikononi mwa umma, ukaagiza mgambo. Lakini ulinzi ukiwa ni wa umma, basi maamuzi makubwa ya ulinzi hayawezi kuwa mali ya chumba kimoja. Huwezi kumkabidhi mkulima bunduki ya mgambo ukamnyima haki ya kuuliza, kupitia kwa mwakilishi wake, silaha za Taifa ni za kazi gani.

Misingi ya kuanzia tunayo. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi, na ya kuridhia mikataba. Kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi inaweza kukaa faraghani ikahoji bila kufichua ufundi. Lakini tuseme kweli: mkataba ule wa silaha za kibiolojia Tanzania iliutia saini mwaka 1972, na ikauridhia mwaka 2019. Ni miaka 47. Katika muda huo sumu za Roodeplaat zilipikwa, zikatumika, zikachunguzwa na Tume, na taarifa ikachapishwa. Nchi iliyokuwa mstari wa mbele katika ukombozi ilikuwa nje ya kikao ambamo ingeweza kudai wakaguzi. Uchelewaji huo haukutokana na siri yoyote. Ulitokana na ukweli kwamba hakuna kikundi cha wananchi, tawi wala chuo, kilichoendelea kuuliza. Usimamizi hufa kwa kunyamazishwa, na hufa vile vile kwa watu kunyamaza wenyewe.

Tangu mwaka 2022 Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, Kibaha, katika mkoa huu huu wa Pwani, imekuwa mahali pa makada wa vyama sita vya ukombozi kusoma pamoja. Makada wa ANC, ZANU-PF, SWAPO, FRELIMO na MPLA ni warithi wa wale waliokusudiwa sumu. Tunapendekeza sura hii ya Taarifa ya Tume isomwe huko, na katika vyuo na matawi yetu, si kama hadithi ya ukatili wa makaburu waliokwisha kushindwa, bali kama somo la utawala. Leo sayansi ya silaha imehamia kwenye ndege zisizo na rubani na mitambo inayojichagulia shabaha. Vifaa vimebadilika, hoja ya kwamba wasiohusika wasiulize imebaki ile ile.

Kada anapoambiwa kwamba jambo ni siri, asibishe wala asiitikie kwa haraka. Aulize kwanza kama kinachofichwa ni ufundi au ni uamuzi. Kikiwa ni ufundi, aulinde, kwa kuwa ni mali ya Taifa. Kikiwa ni uamuzi, adai ufikishwe mbele ya wawakilishi wa wananchi kabla fedha hazijatoka, na siku ya kufunguliwa kwa nyaraka zake iandikwe mapema. Kudai hivyo si usaliti. Ni sehemu ya ulinzi wenyewe.